Meli ya kitalii yenye hadhi inawazidi wenzake nini? Jibu langu kwa binti wa Kisauni

Mwezi huu nimepandishwa cheo. Sasa mimi ndiye mkuu wa mabatla melini kwetu, yaani wale watumishi wanaowahudumia wageni wa vyumba vikubwa, kila mmoja na vyumba vyake. Alhamdulillahi. Nilipoiweka habari hiyo hapa pongezi zilimiminika, na katikati yake ukaingia ujumbe wa binti mmoja wa Kisauni, kule kwetu Mombasa, anayesomea mambo ya hoteli.

“Kaka, hongera sana. Nami nataka kuingia meli. Wewe umefanya kwenye kubwa na kwenye ndogo. Zote zina vitanda, zote zina mabwawa, zote zina chakula cha kumwaga. Hizo za bei kali zinawazidi wenzake nini hasa? Nataka nianze na yenye hadhi.”

Nilianza kumjibu kwenye simu, jibu likarefuka, nikaona nililete hapa. Najua mnaonisoma wengi mnaugonga mlango huo huo, na wachache Mungu akijalia mtapanda kama abiria.

Kwanza tuziweke kando taa za vioo na ngazi za marumaru. Anayetafuta vitu aende meli kubwa. Icon of the Seas ya Royal Caribbean, iliyoanza kubeba watalii kutoka Miami Januari 2024, ina sitaha 20, mabwawa saba na mitelezo sita ya maji. Watoto hushuka pale wakilia hawataki kwenda nyumbani. Siidharau hata kidogo, ni kazi kubwa ya mikono ya watu. Lakini vitu hununuliwa, na jirani akinunua bwawa la saba wewe utanunua la nane. Hadhi haipatikani hivyo.

Jibu langu ni hili: meli yenye hadhi ni ile ambayo mgeni hajioni msumbufu hata siku moja, tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Mengine yote yanatoka hapo. Nilijifunza kwa uchungu, na acha niwaeleze.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa stiwadi wa kabini kwenye meli kubwa ya kampuni ambayo sitaitaja. Kabini zilikuwa nyingi, dakika zilikuwa chache, na msimamizi alikuwa na saa mkononi. Safari moja nilikuwa na mama mzee kutoka Uskoti aliyesafiri peke yake kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe. Asubuhi moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kifaa chake cha kusikia kimeanguka nyuma ya godoro na hakioni. Hasikii matangazo, hasikii hodi, na usiku uliopita alikuwa amelala kwa hofu kwamba king'ora kikilia hatajua. Nikavuta kitanda, nikakipata, nikakipangusa na kumbadilishia betri, kisha akaniomba nikae kidogo niongee naye ili ajue kama kinafanya kazi. Nikakaa. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Mombasa, akaniuliza kuna joto kiasi gani.

Msimamizi akatokea mlangoni. Hakunisalimu mimi wala hakumsalimu yule mama. Alitazama saa yake, akasema kwamba kabini nyingine zinasubiri. Yule mama akainuka haraka na kuniomba radhi. Mgeni aliyelipa nauli yake anamwomba radhi mtumishi kwa kuhudumiwa! Alisema, “Samahani, nimekuchelewesha,” na tangu siku ile mpaka anashuka hakuniomba tena hata taulo.

Mimi niliandikiwa karipio. Mwisho wa safari mama yule alinitaja kwa jina kwenye fomu ya maoni na kunisifu, lakini karipio lilibaki kwenye faili langu vilevile. Miaka imepita na bado linaniuma. Linaniuma zaidi kwa sababu meli ile ilikuwa nzuri, ya kung'aa kila mahali. Hapakukosekana kitu ila dakika kumi za mwanamke mmoja.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukitaka kuipima kampuni, anza na nafasi. Ukubwa wa meli hizi huandikwa kwa tani, lakini tani hizo si uzito, ni ujazo wa ndani ya meli nzima. Zigawe kwa idadi ya abiria wakilala wawiliwawili, utapata hesabu ambayo watu wa meli huitazama kabla ya picha yoyote. Icon ina karibu tani 249,000, na kwa hesabu hiyo ya wawiliwawili abiria wake ni 5,610. Hapo kila mmoja anapata 44 na kitu. Queen Mary 2 ya Cunard inakaribia 55. Sasa tazama Crystal Serenity, ya kampuni ya kifahari ya Crystal: tani zake hazifiki 69,000, meli ndogo kabisa mbele ya Icon, lakini inachukua abiria 740 tu, na kila mmoja anapata zaidi ya 90.

Habari ya Crystal inafaa kujulikana kwetu. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki, Genting Hong Kong, ilianguka mwaka 2022, na meli zikasimama. Walioinunua ni kundi la Abercrombie & Kent, jina lililozaliwa Nairobi mwaka 1962 kwa kuwapeleka wageni safarini porini. Kabla ya kuzirudisha meli baharini mwaka 2023, walipunguza vyumba na kuvipanua. Serenity ile ile iliyokuwa ikichukua zaidi ya abiria 900 ikashushwa hadi 740. Mfanyabiashara anayeondoa vitanda anavyoweza kuviuza ameelewa jambo. Nafasi ikiwepo hakuna foleni ya lifti, hakuna anayewahi bwawani alfajiri kutandika taulo kitini, na mimi napita na toroli langu bila kumwambia mtu asogee.

La pili ni muda wa mtumishi, na hapa ndipo naweza kuzungumza mpaka kesho. Kabla wageni hawajapanda, sisi hupewa picha na majina yao, tunayakariri usiku. Mgeni akiuliza ukumbi uko wapi, hunyooshi kidole, unaacha ulichoshika unampeleka. Akiwa ameacha kitabu kifudifudi kitandani, unatia utepe kwenye ukurasa aliofikia, unakifunga taratibu, unaifuta miwani yake kwa kitambaa laini na kuiweka juu yake, mikono ya miwani ikielekea upande anaolalia. Nguo hupelekwa pasi wakati wenyewe wako mezani, na kifyonza vumbi hakiwashwi mgeni akiwa chumbani. Hakuna siri hapo. Ni mambo ambayo yule stiwadi wa meli kubwa angeyafanya vizuri kama mimi, au kunishinda, angepewa nusu ya kabini alizonazo.

Barua yangu ya cheo imetokana na jambo dogo la namna hiyo. Tulikuwa na bwana mmoja ambaye mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa maradhi. Siku ya kwanza nilimwona akikiacha kikombe cha chai bila kukigusa, kwa sababu kilijaa na meza ya jirani walikuwa wakitazama. Nikazunguka kwenye baa zote na mgahawa, nikakubaliana na wenzangu: popote atakapokaa, chai iletwe nusu kwenye kikombe kizito chenye mkono mpana, na ya pili ije kabla hajaagiza. Hakuna aliyemwambia neno, naye hakuuliza. Mkewe ndiye aliyegundua siku za mwisho, akaandika makao makuu. Niliisoma barua yake nikatoka nje kwenye sitaha ya wafanyakazi kupunga upepo, maana machozi yalikuwa karibu. Nimemlea hivyo kila mgeni wangu, na ninajivunia.

Pesa nayo. Kwenye meli nyingi kubwa bakshishi hukatwa kila siku kwenye hesabu ya chumba, vinywaji vina bei yake, picha ina bei yake, kahawa nzuri ina bei yake, na kipaza sauti kinakukumbusha bahati nasibu ukiwa unasinzia kwenye jua. Kampuni za kifahari za Silversea, Seabourn na Regent ziliamua vinginevyo: vinywaji na bakshishi vimo kwenye nauli. Nauli ni kubwa, sikatai, lakini angalia kinachotokea kati ya watu wawili. Nikikuletea maji, hujiulizi kama natabasamu kwa ajili yako au kwa ajili ya mfuko wako, na mimi sijiulizi kama wewe ni mtoaji. Kampuni ya Viking, walipoingia baharini na Viking Star mwaka 2015, meli ya abiria 930, waliamua kutoweka kasino, na baadaye wakaacha kupokea walio chini ya miaka 18. Unaweza kuipenda au usiipende amri hiyo, ila ukipanda unajua uko kwa nani. Kampuni inayotaka kumfurahisha kila mtu huishia kupiga kelele.

Msije mkadhani lazima meli iwe ndogo. Cunard wako kazini tangu 1840, na Queen Mary 2, iliyoanza mwaka 2004, inabeba abiria wapatao 2,700. Chai ya alasiri huandaliwa na watumishi waliovaa glavu nyeupe huku wanamuziki wakipiga, na zipo jioni ambazo wageni huvaa suti na gauni. Ukubwa haukuwazuia, kwa kuwa mila yao wageni huijua kabla ya kupanda na huifuata kwa hiari. Nina neno moja tu: pale mgahawa wa kula chakula chako hutegemea chumba ulicholipia, na waliolipa zaidi wana kumbi ambazo wengine hawaingii. Wenyewe wanaona ni sehemu ya mila. Mimi naona mlango unaomwambia mgeni “hapa si pako” unapunguza kile kile ninachokizungumzia.

Na usafi usiupime kwa bei. Meli zinazotia nanga Marekani hukaguliwa bila taarifa na idara ya afya ya huko, CDC, na kupewa alama kati ya 100. Alama 85 kushuka chini ni kufeli, na matokeo huwekwa wazi kila mtu ayasome. Meli za kifahari nazo zimewahi kufeli. Mwenye nia ya kusafiri asome alama hizo kabla ya kulipa.

Sasa nirudi kwenu mnaotafuta kazi, kwa sababu haya yote yanasimama juu ya mabega yenu. Baharia aliyechoka hawezi kuwa mpole kwa mtu, hata umfundishe vipi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unaweka kiwango cha mapumziko kisichopungua saa 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku saba. Zipo kampuni zinazoandika saa za kweli, na zipo zinazokutia kalamu mkononi utie sahihi saa ambazo hukulala. Wageni hawaioni karatasi hiyo lakini wanauona uso wako mezani asubuhi. Jamani, msikubali kusaini uongo kuhusu usingizi wenu! Mnajiumiza, na mnamuumiza atakayekuja baada yenu akikuta ndiyo kawaida.

Mkataba huo huo unakataza ajenti kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Utalipa cheti chako cha afya, kitabu chako cha ubaharia na pasipoti, basi. Viza inagharamiwa na mwenye meli. Najua vijana wa Likoni na Kisauni ambao wazazi wao wameuza mashamba kuwapa watu wa ofisi za uchochoroni, wengine hawakuwahi kuiona hata gati. Ukiombwa pesa ya “kushikiwa nafasi,” ondoka, tena ondoka haraka, hata aliyekupeleka awe mjomba wako.

Mdogo wangu wa Kisauni, usihangaike kuanza na yenye hadhi. Meli za hadhi huchukua watu wenye uzoefu, na uzoefu unaupata kwenye hizo kubwa, nilikoupata mimi. Ila kwenye usaili nawe uliza, kwa adabu na bila woga: stiwadi mmoja anashika kabini ngapi? Bakshishi imo kwenye nauli au mgeni anakatwa? Saa za kupumzika zinaandikwa na nani? Anayekujibu papo hapo huyo anajua anachokifanya. Anayekucheka kwa kuuliza amekujibu pia.

Mafunzo ya msingi ya usalama yafanye kabla ya usaili, kampuni nyingi hukitaka cheti chake. Kisha nitumie wasifu wako, ukurasa mmoja unatosha, na usiandike kwamba unaweza kufanya kazi “chini ya shinikizo,” kila mtu huandika hivyo. Andika mtu mmoja uliyewahi kumhudumia na ulimfanyia nini. Huku baharini intaneti inasumbua, kwa hiyo usione kimya, nitakujibu tukifika bandarini.