Gari inachemsha kwenye foleni: majibu ya maswali yenu

Safari hii mengi ni ya gari kuchemsha, na wengi mnaandika tu "fundi gari inachemsha" alafu basi. Mniambie inachemsha ikiwa wapi. Ya kwenye foleni na ya kwenye mlima ukiwa na spidi hayo ni magonjwa mawili, na dawa ni mbili.

Wa kwanza anauliza: nina Toyota IST. Kutoka Usa River mpaka Tengeru mshale wa joto umetulia, nikiingia foleni ya Philips kwenda Sanawari hapa Arusha unapanda, foleni ikiisha unashuka wenyewe. Nimeambiwa rejeta imekufa. Ninunue?

Usinunue chochote kwanza. Rejeta, yaani ile ya mbele inayopoza maji ya injini, ikiziba huwa inakusumbua hata ukiwa unatembea, tena hasa ukiwa na mzigo unapandisha. Wewe ukitembea upepo unaingia wenyewe gari inapoa, ukisimama kazi yote inabaki kwa feni, kwa hiyo anza na feni. Washa gari, washa AC, fungua boneti uangalie. Kama kimya, chungulia fyuzi, ikiwa nzima badilishana rilei (ile swichi ndogo ya umeme ya feni) na nyingine ya namba ileile kwenye boksi hilohilo, bado kimya chomoa soketi ya feni uipelekee moto moja kwa moja toka kwenye betri. Ikizunguka hapo mota ni nzima, tafuta waya, rilei au sensa. Isipozunguka mpaka uigonge gonge, brashi za mota zimeisha.

Na ikizunguka usifurahi mapema. Niliwahi kuletewa gari feni inazunguka vizuri kabisa, muungurumo upo, mwenyewe kashabadilisha rejeta na bado inachemsha. Nikaweka kipande cha gazeti mbele ya grili, kile kipande badala ya kunata kwenye grili kikapeperuka kikaangukia miguuni kwangu. Aliyeifunga feni aligeuza waya, chanya kaweka kwenye hasi, feni ikawa inasukuma upepo kwenda mbele wakati inatakiwa ivute. Kugeuza zile waya ni dakika chache, rejeta ya watu ilishanunuliwa. Kwa hiyo na wewe jaribu na karatasi kabla hujatoa hela.

Kuhusu kupiga feni direct ili izunguke muda wote, kwa kukufikisha nyumbani sawa, ila ukiiacha hivyo miezi mota itakufa na waya kama ni mwembamba utaungua.

Shikamoo fundi. Naendesha Land Cruiser ya watalii, injini 1HZ. Lami mpaka Makuyuni safi, ila tukipita geti la Loduare kupanda ukingo wa kreta kwa gia ndogo inachemsha. Haina feni ya umeme.

Marahaba. Hiyo ni ileile ya mwenzako tu, gari iko taratibu upepo hautoshi, ila feni yako inabebwa na ile klachi ya mafuta ya silikoni pale katikati. Zima injini ikiwa imepata moto, hakikisha ufunguo uko mfukoni mwako, alafu izungushe feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kama pangaboi jua mafuta yamevuja, mara nyingi utaona na vumbi limegandia pale katikati. Badilisha klachi au iwekwe mafuta yake. Kuna wanaoichomelea kabisa, kweli inapoza, lakini inakula nguvu na dizeli, na siku ukivuka mto feni inapiga maji kwa nguvu zote panga zinapinda zinakuja kula rejeta.

Alafu osha rejeta. Vumbi la porini na mbegu za nyasi zinaganda kati ya kondensa ya AC na rejeta, kwa mbele huoni kitu. Maji yapigwe kutokea upande wa injini kwenda nje, na taratibu, ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi yote.

Fundi wa mtaani kasema themostati itolewe, nchi yetu ni ya joto.

Huyo hajawahi kuamka Arusha mwezi wa saba nini! Themostati ni kile kimlango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, nyingi zinafungua kwenye nyuzi 82 hivi, ukiitoa injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta. Kuna injini pia themostati ina kisahani chini kinachoziba njia fupi ya maji, ukiitoa maji yanazunguka bila kupita rejeta, yaani unaongeza ugonjwa. Kama unaishuku, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni. Isipofunguka kabla maji hayajachemka, nunua nyingine.

Mshale uko katikati lakini maji yanajaa kwenye chupa na kumwagika.

Angalia mfuniko wa rejeta, watu wanaudharau sana. Mji wetu uko juu, kama mita 1,400, maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Mfuniko ulioandikwa 1.1 (ni kipimo cha presha) ukibana vizuri unaisogeza mpaka karibu 120. Mpira wake ukikatika hiyo kinga huna. Weka wa namba ileile, na ndani weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, sio maji ya bomba, maji matupu yanaleta kutu na kuharibu wota pampu.

Nikiwasha asubuhi naona mapovu kwenye rejeta, hayaishi.

Gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imekufa hiyo, hasa kama hozi inakuwa ngumu kabla injini haijapata moto, au oili imekuwa kama chai ya maziwa. Mapovu ya muda mfupi baada ya kujaza maji ni hewa tu. Acha kuiendesha, na hedi ikishuka ipelekwe kupimwa kama imepinda kabla ya kufunga gasketi mpya.

Kaka, nikiwa katikati ya foleni Kijenge mshale ndio unapanda, nifanye nini hapohapo?

Dada, zima AC, washa hita mpaka mwisho, utatoka jasho lakini inatoa joto kwenye injini. Ukifika kwenye nyekundu weka pembeni uzime. Usifungue mfuniko, yale maji yanaruka usoni, subiri nusu saa au zaidi mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono bila kuunguza. Na hao vijana watakaokuja na ndoo wamwagie injini maji ya baridi, wakatalie, hedi inapasuka.