Mkongwe wa benchi: kumbakiza au kumbadilisha?

Ndugu yangu, nimekuelewa. Mchezaji wenu wa mpira wa kikapu ana miaka 34, anaingia dakika 12 tu kwa mechi, na klabu nyingine inataka kuwapa kijana mrefu kwa kubadilishana. Viongozi wanasema pointi zake 4 hazitoshi.

Ziweke kando hizo pointi kwanza. Tazama mechi tatu ukimwangalia yeye peke yake, hata akiwa amekaa. Sisi tulimwachia mkongwe wetu haraka mno. Alikuwa akimvuta fulana kwa nyuma senta wetu kijana, yule mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, anamsogeza hatua moja kabla pasi haijafika. Alipoondoka, kijana yule alitolewa kwa faulo tano katika mechi mbili mfululizo. Roho iliniuma.

Hata wakubwa yamewakuta. Februari 2011 Boston Celtics, wakiongoza Kanda ya Mashariki ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, walimpeleka senta wao Kendrick Perkins kwa timu ya Oklahoma City. Mei wakatolewa kwenye mtoano na timu ya Miami, mechi 4-1. Majeraha yalichangia, lakini chini ya kikapu walimkosa.

Ila goti likimvimba kila baada ya mechi, mpeleke kwa daktari wa michezo kabla hamjaamua lolote. Na kama huyo kijana anaziba nafasi iliyo tupu kabisa kwenu, badilishaneni. Mkataba usomwe na mwanasheria, na muulize ligi siku ya mwisho ya usajili.

Mkiamua aende, mwambie wewe mwenyewe, ana kwa ana, asije akalisikia kwenye kundi la WhatsApp.