Jibu: G kushikana na U kwenye RNA si kosa la uchapaji

Mkuu, umeuliza kama mchoro wa RNA unaoonyesha G ikishikana na U umekosewa. Ulichokiona ni sahihi kabisa. Guanini (G) na urasili (U), herufi mbili za RNA, hushikana kwa bondi mbili za haidrojeni, ila urasili inabidi isogee kidogo kuelekea mfereji mkubwa, mmoja wa mifereji miwili inayozunguka msokoto wa RNA. Msokoto hauvunjiki, unapinda kidogo tu. Mwanasayansi Francis Crick aliliita jambo hili kuyumba mwaka 1966, akieleza jinsi tRNA moja (RNA inayobeba asidi amino ya kujengea protini) inavyosoma kodoni (herufi tatu za ujumbe wa jeni) zaidi ya moja.

Utamu wenyewe uko kwenye tRNA ya alanini, mojawapo ya asidi amino. Pale G ya nafasi ya 3 imeshikana na U ya nafasi ya 70, na kundi la amino la hiyo G limebaki wazi kwenye mfereji mdogo. Kimeng'enya kinachopachika alanini kinaitambua tRNA yake kwa alama hiyo. Ukiweka C (sitosini) badala ya U, alanini haipachikwi. Jozi moja tu, mzee!