Kisiwa cha Changuu na Mji Mkongwe kwa siku moja ambayo meli yenu ya kitalii imetia nanga?
Masaa tisa Zanzibar yanatosha vyote viwili, ila anza na Changuu. Boti kutoka Forodhani ni kama nusu saa, na asubuhi bahari huwa shwari. Mchana upepo ukichachamaa mtarudi mmelowa chapachapa. Maji yakipwa boti haifiki ufukweni: unashuka majini hadi magotini, kwa hiyo vaa viatu vya wazi vinavyofunga kisigino, simu ndani ya mfuko wa nailoni. Patana bei ya kwenda na kurudi, nusu ilipe ukisharudi. Wenzako wageni waambie "saa nane" ya nahodha ni 14:00 kwenye simu zao. Saa ya mkononi iache kwenye saa ya meli, maana saa ya meli huenda isilingane na ya Zanzibar, na meli hufuata saa yake. Ukirudi Mji Mkongwe, kwenye soko la Darajani, funika mabega na magoti.