Barua za wasomaji: Vitabu umepeleka maktaba, sasa nani anakudai nani?

Barua zimejaa hii mada ya watu kupeleka vitu maktaba za umma na baadaye kununiana na maktaba, kwa hivyo leo tunaongea hiyo tu, yule aliyeuliza kuhusu kuku wa kienyeji anisubiri toleo lijalo.

Mkutubi, hujambo? Sisi ni watoto sita wa marehemu mwalimu mmoja hapa Nakuru, mzee alifundisha historia na Kiswahili toka kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 mpaka akastaafu. Ameacha katoni nyingi za vitabu na mama anataka stoo yake. Tulikubaliana tuvipeleke maktaba ya umma wamtengee mzee rafu yake, jina na picha juu. Tulipouliza tukaambiwa wanachukua lakini rafu hawaahidi, tena watachagua. Kaka yetu mkubwa ameudhika, anasema afadhali vikae. Hiyo ni haki kweli?
*Kitinda mimba, Nakuru*

Poleni na msiba. Mwambie kaka apoe kidogo, hao watu hawajamdharau mzee, wamewaambia ukweli mapema na hiyo ni heshima. Maktaba ya kuogopa ni ile inaitikia ndio ndio kwa kila mtu halafu katoni zinakaa chini ya ngazi miaka mitatu mpaka mchwa wanazimaliza.

Shida ya rafu ni hii. Vitabu vya maktaba vinapangwa kwa somo, ile namba unaona mgongoni mwa kitabu ndiyo inasema kinakaa wapi, historia ya Kenya kwa mfano iko 967.62, na mtoto wa Form Three akitafuta mambo ya Mau Mau anaenda hapo moja kwa moja, hajui mzee wenu alikuwa nani na hana haja ya kujua. Mkimtengea mzee rafu yake historia inagawanyika mara mbili, kesho familia nyingine inakuja na marehemu wao, kesho kutwa nyingine, mwishowe maktaba inakuwa kama makaburi, kila mtu na kipande chake. Ndio maana siku hizi wengi wanabandika kikaratasi ndani ya kava, upande wa mbele, kimeandikwa kitu kama "Zawadi ya familia ya marehemu Mwalimu Fulani, Nakuru" na mwaka, na kitabu kinaenda kukaa na wenzake. Mimi naona hiyo inamfaa mwalimu kuliko rafu, kwa sababu kitabu kikiazimwa jina lake linaingia kwenye matatu linafika mpaka Njoro, rafu haiendi mahali.

Sasa kuhusu kuchagua, hebu kaeni chini nyinyi wenyewe mfungue hizo katoni kabla ya kubeba. Kila kitabu fungua katikati unuse. Kikinuka unyevu, au karatasi zimeshikana, au kuna vidoti vya ukungu vya kijivu, kiweke kando kabisa, ukungu ukiingia maktaba na kitabu kimoja utatembea rafu nzima na wakutubi wanauogopa kuliko moto. Ukiona vitundu vidogo vidogo vimetoboa kutoka kava mpaka ndani, huyo ni mdudu, naye pia abaki nyumbani.

Halafu kuna vile vizima lakini vimepitwa. Mazoezi ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, hayana kazi, mtihani wenyewe ulifanywa mara ya mwisho 2023. Atlasi yenye Zaire, jina lilibadilika 1997 ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kitabu cha uraia kinachosema Kenya ina mikoa minane kinaonekana hakina madhara mpaka mtoto akinakili hivyo kwa kazi ya shule, na tuko na kaunti 47 toka 2013. Ensaiklopidia nzima yenye kava nyekundu, jameni, kila familia inaleta ensaiklopidia, naomba mzihurumie maktaba.

Lakini kuna vitu kwa hizo katoni vyenye nyinyi mtaviona takataka na si takataka, na hapa ndio nataka mkae sana. Mwalimu wa umri huo lazima aliweka vijitabu vyembamba vya East African Literature Bureau, ile iliyokuwako kabla ya Kenya Literature Bureau, walichapisha hadithi na mambo ya kilimo na mila kwa Kiswahili na kwa lugha za kwetu nyingi, na vingi havijachapwa tena. Angalieni pia majarida ya shule, picha za darasa zenye majina nyuma, programu za siku ya zawadi, minutes za sacco ya walimu, daftari zake za masomo. Vitu kama hivyo havipatikani dukani hata uwe na pesa. Maktaba yenye kona ya historia ya mahali itavipokea kwa mikono miwili, lakini hivyo haviazimwi, vinasomewa pale pale, na msivitoe bila karatasi inayosema wazi kama ni zawadi ya moja kwa moja au mmewaazima tu, kama wanaruhusiwa kupiga skani, na nani anaweza kunakili picha. Na kwa sababu ni mali ya marehemu, mama na nyinyi sita wote wekeni sahihi, asije mmoja akatoka Nairobi mwaka ujao akidai daftari la baba.

Siku ya kupeleka msivimwage mlangoni jioni mkakimbia. Pigeni simu kwanza, pelekeni orodha hata kama ni ya mkono, kichwa cha kitabu na mwandishi tu. Mtajaza fomu, na fomu nyingi zinasema zawadi ni bila masharti, maana yake maktaba ikishapokea inaweza kuweka, kupea shule, au kuondoa. Kama hiyo sentensi inawachoma, msitie sahihi, rudini na vitabu, hakuna atakayewalaumu. Baadaye mtaandikiwa barua ya shukrani yenye idadi ya vitabu, haitasema ni vya pesa ngapi kwa sababu mkutubi si mthamini, msimsumbue na hilo.

Na kama kaka anataka jina kubwa ukutani, hilo nalo linawezekana lakini linanunuliwa kwa kitu kinachodumu, meza, viti, taa za sola, na ulizeni nani atatengeneza kikiharibika. Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma wa Marekani, pesa zake zilijenga maktaba 2,509 duniani na alikuwa na sharti, mji utoe kiwanja na uahidi kila mwaka asilimia 10 ya gharama ya ujenzi ya kuendesha. Alijua jengo halijilishi. Hata ile maktaba ya McMillan ya Nairobi, ya 1931, ambayo mjane aliijenga kumkumbuka mumewe, jina limebaki mlangoni miaka yote hiyo lakini paa na rafu zimetaka pesa ya watu wengine.

Mwaka jana nilipeleka vitabu vyangu maktaba moja ya umma, nikapewa barua nzuri ya asante. Juzi niko soko la Kibuye nakuta kitabu changu kimetandikwa kwa turubai kinauzwa, jina langu bado liko ndani na stempu ya maktaba juu yake. Nilichemka. Hao watu wanakula zawadi zetu?
*Mwenye hasira, Kisumu*

Ungekuwa umekinunua ungenisaidia kujibu, kwa sababu jibu lote liko kwa stempu. Kitabu cha maktaba kina stempu ya umiliki na namba yake ya rejista. Kikiondolewa kihalali kinapigwa stempu nyingine ya kusema kimeondolewa, au ile ya kwanza inakatwa mstari na tarehe inawekwa. Uliona hiyo ya pili?

Kama ilikuwepo, basi maktaba ilikiondoa, labda ilikuwa na nakala tano za hicho hicho, labda kimekaa bila kuazimwa, na hiyo ni kazi ya kawaida ya maktaba yoyote, rafu ni zile zile na vitabu vipya vinakuja. Najua inauma. Lakini kitabu ulikitoa, na ulipokitoa kikawa mali ya umma, na mali ya umma nayo haiuzwi kiholela, kuna sheria ya 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma inayosema inafuatwa njia gani, kuna kamati, kuna karatasi. Muulize mkutubi mkuu kwa barua, kwa upole, kilitoka lini na kwa njia gani. Ana rekodi.

Kama stempu ya kuondolewa haikuwepo, hapo ni kitu kingine kabisa. Kimeibwa, na mara nyingi si mfanyakazi aliyekiiba, ni msomaji aliyeazima akahama mtaa, akauza na magazeti ya zamani kwa kilo. Rudi Kibuye ukipate ukipeleke maktaba, na usigombane na yule muuzaji, yeye alinunua gunia bila kuangalia ndani.

Ukitaka kupeana tena, kuna sentensi moja ya kuandika kwa fomu kabla hujatia sahihi: kama hamtakiweka nipigieni simu nikichukue. Maktaba nyingine zitakubali zingine zitakataa, lakini inaandikwa kabla ya stempu kupigwa, ikishapigwa umechelewa.

Chama chetu cha akina mama hapa Kakamega tumechanga tununulie maktaba vitabu vya watoto. MCA wetu, mbunge wa kaunti, amesikia, anataka tumkabidhi yeye ndio akabidhi maktaba, na hafla na tenti. Tufanyeje na hatutaki kumkasirisha?
*Katibu wa chama*

Dada, tenti mkubali, chai mkubali, vitabu ndio msimpe mkononi. Vitabu viende kutoka kwenu hadi kwa mkutubi na fomu isome jina la chama, mheshimiwa asimame katikati apigwe picha akiwa na furaha yake. Mkimpa yeye hadharani mmejiletea utata wa bure, Ibara ya 76 ya Katiba inasema zawadi anayopewa afisa wa dola kwenye shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri, na mbunge wa kaunti ni afisa wa dola. Mwambieni hivyo kwa ucheshi, atawaelewa.

Maktaba zenyewe Katiba ya 2010 imezipa kaunti, ziko kwenye aya moja na kamari, leseni za pombe na maonyesho ya video, sijui nani alikaa akapanga hiyo orodha. Kwa hivyo mheshimiwa ana kazi halali ya kuwafanyia. Akitaka kusaidia kweli asukume bajeti ya maktaba pale asembli, hiyo haihitaji tenti.

Na kabla hamjanunua chochote nendeni muulize orodha ya wanachokosa. Mkifika dukani bila orodha mtarudi na nakala kumi za hadithi ambazo tayari ziko rafuni, na za Kiswahili za watoto wa miaka mitano, zenye picha kubwa, ambazo zinararuka haraka kwa sababu zinapendwa, hazitakuwemo.

Binamu yangu yuko Manchester, anakusanya vitabu vilivyotumika atume kontena kwa maktaba ya hapa Busia. Wazo zuri?
*M., Busia*

Moyo mzuri, hesabu mbaya. Afanye hesabu ya meli, ya bandari Mombasa, ya klia, ya lori mpaka Busia, halafu agawanye kwa idadi ya vitabu vitakavyosomwa kweli, atashtuka. Kule kule Uingereza kuna Book Aid International, walianza 1954, wanatuma vitabu vipya kutoka kwa wachapishaji na wanaulizana kwanza na maktaba zinazopokea, angeweza kuwachangia hao. Au atume hiyo pesa ya kontena mnunue vitabu vilivyochapishwa Nairobi, vyenye majina ya watoto wanaofanana na wa Busia.

Niko na revision za KCSE, mtihani wa Form Four, nyingine ni fotokopi nilizotoa sayba. Maktaba itachukua?
*Mwanafunzi, Bungoma*

Fotokopi ya kitabu kizima hapana, kuna sheria ya hakimiliki ya 2001 na maktaba inaweza kuingia matatani. Orijino peleka, KCSE ya 8-4-4 bado ina watahiniwa mpaka 2027 na vitabu hivyo vinagombaniwa. Kama ulijaza majibu kwa penseli yafute kwanza, ya biro waoneshe waamue wenyewe.