Upatanisho bila toba?
Ndugu yangu, umesema kazi ya kanisa ni kuombea amani, siasa liwaachie wanasiasa. Hilo ndilo walilolikataa wachungaji na wanateolojia wa Afrika Kusini, wengi wao wa Soweto, walipotoa Waraka wa Kairos, tamko lao dhidi ya ubaguzi wa rangi, mwaka 1985. Serikali ya makaburu ilikuwa ikinukuu Warumi 13, sura ya Biblia inayoagiza kuwatii wenye mamlaka, kudai utii. Makanisa nayo, mengi tu, yakahubiri upatanisho bila kumtaka mkandamizaji atubu. Waraka ukayataja yote mawili kwa jina: teolojia ya dola na teolojia ya kanisa. Hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Mama aliyetoka kumzika mwanawe kwa risasi ya polisi, unamwambia apatane na nani, na magari ya askari bado yanazunguka mtaani kwake?