Juisi ya kranberi na lehemu: majibu kwa wasomaji wa Moshi na Arusha

"Nimepimwa, nimeambiwa lehemu (kolesteroli) imepanda. Mdogo wangu anasema ninywe juisi ya kranberi kila asubuhi, inasafisha mishipa. Ninunue?" (Mama, Pasua, Moshi)

Kwa sababu hiyo usinunue, mama. Hakuna juisi inayozibua mishipa ya damu kama fundi anavyozibua bomba, na hilo neno "kusafisha" limeshapoteza pesa za watu wengi. Kranberi ni tunda dogo jekundu la Amerika Kaskazini, linalolimwa sana Wisconsin na Massachusetts. Lina anthosianini, ambazo ndizo wekundu wake, na proanthosianidini, zinazokausha ulimi kama ndizi mbichi. Maabara zimeonyesha kwamba vitu hivi hulinda lehemu mbaya, LDL, isiharibiwe na oksijeni; ndiyo maana huitwa antioksidanti. Lakini watu waliopewa juisi yenyewe, LDL yao mara nyingi haikushuka.

Tena tunda hilo ni chachu mno, kwa hiyo kiwandani huongezwa maji na sukari. Geuza boksi usome: glasi ya mililita 250 huwa na sukari gramu 30 hivi, karibu vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya namna hiyo isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana 25. Na sukari nyingi hupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ambazo nazo zimo kwenye majibu hayohayo uliyopewa maabara.

Dawa ya jikoni unayo tayari. Nyuzinyuzi za maharage zinazoyeyuka hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo, ini likalazimika kuchota lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Karanga, ufuta na parachichi vina steroli, ambazo zimefanana na lehemu kiasi kwamba huigombea nafasi kwenye utumbo, na lehemu nyingine hupita bila kufyonzwa. Gramu 2 za steroli kwa siku hushusha LDL kwa karibu asilimia 10. Chakula cha kawaida hakifiki hata gramu moja, lakini kila kidogo kinasaidia. Steroli hukaa kwenye mafuta ya mmea, ndiyo maana juisi karibu haina. Pika kiburu, maharage yawe mengi, weka nusu parachichi pembeni, na samli uiache.

"Juisi hiyo inatibu UTI?" (Wengi, Arusha na Moshi)

Haitibu. Nimeshajibu mara nyingi. Inaweza kupunguza kurudiarudia kwa wanawake wanaougua mara kwa mara, kwa kuwa huwazuia bakteria kung'ang'ania kwenye kibofu. Ukiwa na homa na maumivu ya kiuno, nenda ukapime mkojo leo.

"Mafuta yangu yameandikwa hayana lehemu. Ni bora?" (Sakina)

Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu. Angalia mafuta yaliyoshiba, yaani aina inayopandisha lehemu: nazi na mawese yanayo mengi, alizeti kidogo.

"Rozela tunayonunua Soko la Kilombero je?" (Njiro)

Swali zuri, na ningefurahi kulipata mara nyingi zaidi. Wekundu wa rozela nao ni anthosianini. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010, watu wenye presha iliyopanda kidogo walikunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita. Presha yao ya juu ilishuka kwa pointi 7 hivi, ya wenzao waliopewa kinywaji cha kuigiza ikashuka 1 tu. Kwa lehemu ushahidi ni hafifu. Chemsha, chuja, usitie sukari. Kama unameza dawa za presha, mwambie daktari wako.

"Vidonge vya antioksidanti si vina nguvu kuliko tunda?" (Kijana, Majengo)

Nguvu hiyo imewahi kudhuru. Finland, wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti mojawapo, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa; matokeo yalitoka mwaka 1994. Kula tunda.

"Ninameza atovastatini. Naweza kuacha nikitumia juisi?" (Baba, Moshi)

Usiache, baba. Dawa hiyo hulizuia ini lisitengeneze lehemu, na ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya lehemu mwilini. Na juisi ya kuihofia zaidi ni ya balungi: hukizuia kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo, ikajaa kwenye damu na kuweza kuharibu misuli. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kranberi kabla ya kuongea na daktari wake. Ukiona misuli inauma bila kazi nzito, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo na pakiti ya dawa mkononi.